Fundi Mwenye Sauti ya Mkewe

Kati ya maneno yote duniani, kiharusi kilimwachia Masikio neno moja tu: kesho.

Hebu fikiria. Mtu ameishi miaka hamsini na minane, amebishana, ameapa, amechumbia, amefokea mafundi wa kila aina, halafu asubuhi moja anaamka upande wa kulia umelala kama gunia na mdomoni limebaki neno moja. Akitaka maji, "kesho." Akiumwa kichwa, "kesho." Mkewe alipomuuliza kwa utani kama bado anampenda, alijibu "kesho," na yule mama akacheka, akalia, akacheka tena. Ubaya ni kwamba akili yake ilikuwa timamu kabisa. Maneno yote aliyasikia, aliyajua, aliyaona yamejipanga kooni kama watu kwenye foleni. Lakini dirisha likifunguliwa, anatoka yuleyule mmoja, msumbufu asiyejua zamu.

Angekuwa karani, labda watu wangemhurumia kimyakimya. Lakini Masikio alikuwa fundi mkuu wa gereji, na gerejini "kesho" ndilo neno ambalo kila fundi humwambia kila mteja tangu magari yaanze kuharibika. Siku ya kwanza alipopelekwa kuwasalimia wenzake, mteja mmoja asiye na habari alimsogelea akamuuliza, "Mzee, gari langu litakuwa tayari lini?"

"Kesho," akasema Masikio.

Mafundi waliangua kicheko mpaka wakashika mbavu. Hawakuwa na nia mbaya, tuseme ukweli. Ila yeye alirudi nyumbani akageukia ukuta, na siku hiyo hakutia kitu mdomoni.

Na hilo jina la Masikio hakulipata kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa madogo hayakuwa. Alilipata kazini. Gari likiletwa linagonga, wenzake walikimbilia spana. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Silinda ya tatu, beringi." Wakifungua, silinda ya tatu, beringi. Miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Masikio hayo kiharusi hakikuyagusa. Aliendelea kusikia kila kitu, hata yale ambayo watu walidhani hasikii, na hapo ndipo palipomuuma.

Ilipofika miezi saba, mguu ulikuwa umerudi kwa msaada wa fimbo, mkono wa kulia umerudi nusu, ulimi haujarudi kabisa. Mtaalamu wa usemi pale hospitalini hakuwazungusha. "Huenda maneno yakarudi mojamoja," alisema. "Lakini msikae tu kuyasubiri. Mtafutieni njia nyingine ya kuongea."

Njia nyingine aliileta binti yao, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya upimaji viwanja. Ofisi ilikuwa imepata vifaa vipya, vile vya zamani wakaambiwa wagawane. Yeye akatoka na kimoja, kioo kimepasuka pembeni lakini kinawaka vizuri.

"Kishikwambi hicho, Baba," alisema.

"Si tableti hii?" akauliza mama yake.

"Ndiyo hiyohiyo, Mama."

"Basi sema tableti, usitubabaishe."

Ndani yake binti alikuwa ameweka programu ya picha. Ukurasa mzima ni vitufe: kikombe, kitanda, mlango, uso wenye hasira, uso wenye furaha. Ukigusa kikombe, tableti inasema unataka maji. Maneno yaliyoandikwa Masikio yalimchezea machoni tangu augue, lakini picha alizielewa bila shida. Basi binti akagusa kikombe ili wasikie. Ikatoka sauti ya mashine, kavu, inakanyaga maneno ya Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

"Na huyu ni nani?" akashangaa mama. "Mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege?"

"Tunaweza kuitoa tukarekodi sauti ya mtu. Yule mwalimu jirani yetu ana sauti nzito, nzuri. Naweza kumwomba."

Masikio alipiga meza kwa mkono wa kushoto. "Kesho!" Na safari hii kila mtu alielewa kwamba maana yake ni hapana, tena hapana yenye miguu minne. Sauti ya mwanamume mwingine itoke kifuani kwake, ndani ya nyumba yake, iombe maji kwa mkewe? Bora akae bubu mpaka siku ya kuzikwa. Akanyoosha kidole kwa mkewe.

"Mimi?" Mkewe alijishika kifua. "Wewe mzee, utaongea kama mwanamke."

Masikio akainua bega moja, lile lililokuwa zima. Sauti ile alikuwa ameisikia kwa miaka thelathini na moja, kila asubuhi na kila jioni. Kama kuna sauti nyingine yoyote duniani aliyoizoea kama yake mwenyewe, ni hiyo.

Wakaanza kazi. Unajua kitufe cha kwanza alichotaka? Hakuwa na haraka ya maji wala chakula. Alijigusa kifua, akamwonyesha binti yake, akainamisha kichwa kidogo kama mtoto anayeamkia wakubwa. Binti akaelewa kabla ya mama. Kwa miezi saba vijana wa mtaani walikuwa wakimwambia "Shikamoo, mzee," naye anajibu "Kesho." Wengine walifika mahali wakaacha kumwamkia, wasimtie aibu. Mkewe akasogeza mdomo kwenye tableti, akasema taratibu, "Marahaba." Masikio aligusa kitufe kile mara nyingi sana, na mkewe akajifanya ana kazi jikoni.

Sasa tumfikie bosi, maana ndiye aliyeshika kisu na nyama. Mwenye gereji alikuwa mtu mpole, asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo habari mbaya huzileta na tabasamu. Alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasifu mapazia, kisha akasema, "Mzee wangu, nisikufiche. Mafundi wanahitaji mtu wa kuwaongoza. Spidi ameshika nafasi yako kwa miezi saba, na anauliza kama ni yake au si yake. Ana haki ya kujua."

Masikio akagusa tableti. "Nataka kurudi kazini," ilisema sauti ya mkewe.

Bosi akamtazama mke, akatazama tableti, akamtazama mke tena.

"Ni yeye anayesema," akasema mke. "Mimi nimenyamaza."

Bosi akakuna shingo. "Haya. Wiki mbili. Mafundi wakikusikiliza, kiti ni chako kama zamani. Wasipokusikiliza, Ijumaa ya wiki ya pili nampa Spidi, na wewe karibu wakati wowote kutusalimia."

Kutusalimia! Neno hilo lilimchoma Masikio kuliko sindano zote za hospitali. Mtu aliyefungua gereji hiyo asubuhi kwa miaka ishirini na sita, aje kukaa kwenye benchi la wateja awe anasalimia. Aliapa moyoni kwamba atakufa kabla ya kulikalia benchi lile. Kwa bahati mbaya, kiapo hicho nacho kingetoka "kesho," basi akakimeza.

Jumamosi na Jumapili yote familia ilikuwa mezani. Binti alipiga picha spana, jeki, chujio, mikanda, nati za kila ukubwa ambazo Masikio alizitoa kwenye boksi lake. Mkewe alizitamka. Ikawa kazi kwelikweli, maana yule mama alikuwa mkunga wodi ya wazazi, mambo ya injini kwake ni giza totoro. Masikio alimwonyesha kwa mkono: kukaza, hivi, kulegeza, hivi. Lakini walikuwa wamekaa wanatazamana, basi mkono unaokwenda kulia kwake, kwa mkewe unakwenda kushoto. Mama akarekodi "legeza" mahali pa "kaza" mara tatu, Masikio akitikisa kichwa mpaka shingo ikamwuma. Mwishowe akamshika mkewe mabega, akamhamishia upande wake wa meza, wakakaa bega kwa bega. Hapo kazi ikaenda.

Jumatatu akaingia gerejini na fimbo mkono mmoja, na tableti shingoni imefungwa kwa mkanda kama mkoba wa kondakta. Mafundi sita wakampokea vizuri. "Shikamoo, mzee!" "Marahaba," ikasema tableti, na wao wakatabasamu, wakampa kiti. Mpaka hapo, mambo shwari.

Balaa lilianza alipotoa agizo la kwanza. Fundi mmoja alikuwa anafunga kifuniko cha injini bila kukisafisha, kosa ambalo zamani Masikio angelikemea mpaka wapita njia wasikie. Akagusa vitufe. Na sauti ya mkewe, laini, ya nyumbani, ikasema mbele ya watu wote: "Naomba tafadhali, baba, usafishe kwanza. Asante sana."

Halafu Spidi akabana pua, akasema kwa sauti nyembamba, "Naomba tafadhali, baba, uniletee spana. Asante sana." Gereji nzima ikalipuka.

Huyo Spidi tumweleze kidogo, tusimwonee. Alipewa jina hilo kwa sababu mikono yake ilikwenda mbio kuliko kichwa chake. Fundi mzuri, mcheshi, mwepesi. Alimheshimu Masikio, lakini nafasi ile alikuwa ameionja kwa miezi saba na ilikuwa tamu. Sasa ungetaka afanye nini, aitupe jalalani?

Siku tano zilikwenda hivyo. Tableti ikisema "naomba tafadhali," wanajibu "ndiyo, mama," wanaendelea na mambo yao. Ubaya zaidi walikuwa hawamsubiri. Akitafuta kitufe, kabla hajakifikia, kuna mtu keshammalizia: "Spana, mzee? Maji? Choo? Unataka kukaa?" Alikuwa anataka kusema mkanda wa feni umekaa upande, naye anajikuta anapelekwa chooni. Siku ya Ijumaa alimwachia fundi mmoja ampeleke kabisa mpaka mlangoni, kwa uchovu wa kukataa.

Alirudi nyumbani amevimba. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vyake vyeupe vya kazini. Masikio akaweka tableti mezani mbele yake, akagusa "Naomba tafadhali," kisha akatikisa kichwa. Akagusa tena, akatikisa tena. Akagusa uso wenye hasira, akapiga meza, akafungua mdomo na kukunja uso kama anayefoka.

"Unataka niwafokee?"

Masikio akaitikia kwa kichwa, kwa mwili mzima.

"Niwatukane watoto wa wenzangu? Hapana. Hilo sifanyi, hata ukipiga meza mpaka ivunjike."

Alitaka kumwambia kwamba si matusi, kwamba gereji haisikii sauti ya sebuleni, kwamba amebakiwa na wiki moja na amekalia kuti kavu. Maneno yakajipanga, dirisha likafunguliwa. "Kesho," akasema. "Kesho, kesho, kesho," na machozi yakamtoka, makubwa, ya mtu mzima asiyezoea kulia. Aliyaona yanadondoka juu ya kioo na hakuwa na nguvu hata ya kuyaficha.

Mkewe akavirudisha vile viatu miguuni. Akasimama wima, akarudisha mabega nyuma. "Mimi sijui sauti ya gereji," alisema. "Najua sauti ya wodini. Sogeza hiyo tableti."

Sasa sikiliza. Mkunga huyu nyumbani alikuwa mpole kama maji ya mtungi, na kwa miaka thelathini na moja Masikio hakuwahi kuisikia sauti aliyoitumia kazini. Sauti ile aliiacha huko pamoja na aproni. Akavuta pumzi, akasema:

"Nisikilize mimi. Mimi peke yangu."

Masikio akajikuta amenyoosha mgongo kitini. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua, na kilichobaki ni wewe kutii.

"Usiguse. Simama hapo hapo. Rudia upya. Sukuma. Usisukume! Nimesema usisukume! Toka hapo. Tulia. Pumua."

Kwenye "pumua" Masikio akainua mkono, akatikisa kichwa. Gerejini nani atapumua?

"Huwezi jua," akasema mkewe, akairekodi hivyohivyo. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini, akatafuta picha, akaipa "usisukume" kiganja chekundu kilichonyooshwa, kikubwa kuliko vitufe vingine.

Jumatatu ya wiki ya pili, yule fundi wa vifuniko akarudia kosa lake. Masikio akagusa. "Rudia upya," ikasema tableti, na jamaa akarudia, tena akiwa keshaanza kusafisha kabla ya kujiuliza kwa nini. Lakini cha kuchekesha ni Spidi. Alikuwa chini ya gari dogo, anatoka huku anapiga mluzi, anaelekea kwenye injini ambayo Masikio hakutaka iguswe. "Simama hapo hapo!"

Spidi alisimama. Mguu mmoja hewani.

"Sauti hii naijua," akasema polepole.

"Ya wapi?" wakamuuliza.

Hakutaka kusema, lakini walimbana mpaka akatema. Miezi miwili kabla, mke wa Spidi alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Spidi, kwa haraka zake, aliingia wodini na viatu vyenye oili na simu ikiwa inapiga muziki. Sauti hiyohiyo ikamwambia asimame hapo hapo. Akasimama. Ikamwambia atoke nje, akatoka, na alikaa nje kwenye mvua kwa saa tatu nzima bila kukumbuka kwamba kulikuwa na kibaraza.

Safari hii waliyemcheka ni Spidi, na alicheka nao, kwa shida. Kuanzia hapo wakaanza kusikiliza, nusunusu. Wawili walitii, wawili walitii wakikumbushwa, na wa tano alikuwa anamtazama Spidi kwanza. Masikio aliyaona hayo yote. Alijua nusu haitoshi. Bosi angekuja Ijumaa, na Ijumaa haikuwa na nusu.

Ijumaa ikafika na kazi ya basi la abiria. Injini yake ilikuwa imefanyiwa matengenezo wiki nzima, na sasa ilikuwa irudishwe mahali pake. Spidi aliamua kwamba itarudi asubuhi hiyohiyo bosi akiangalia, apende asipende mtu. Wakaifunga kwenye cheni ya kuinulia, ile inayoning'inia kwenye boriti ya chuma juu, wakaivuta ikapanda. Injini ya basi si mchezo, uzito wake unaweza kumgeuza mtu kuwa karatasi. Ikaning'inia pale inapembea kidogo, mafundi wanne wameishika ubavuni, tayari kuisukuma iingie. Spidi akalala chali kwenye fremu ya basi, mikono juu, aielekeze kwenye matundu ya nati. Bosi alisimama pembeni na simu yake. Kompresa ya upepo ilikuwa inanguruma kama kawaida.

Masikio alikuwa hatua tano nyuma. Hakuwa anatazama injini. Alikuwa amekunja uso, ameinamisha kichwa, kwa sababu chini ya mngurumo wa kompresa alisikia kitu. Tik. Akasubiri. Tik. Haikuwa nati, haikuwa boriti. Ilikuwa chuma kinachofunguka. Pete moja ya cheni, juu kule, ilikuwa inaachia.

"Kesho!" akapaza sauti.

"Ndiyo, mzee, kesho!" akajibu Spidi kutoka chini, na wale wanne wakacheka. "Haya, sukumeni!"

"Kesho! Kesho!" Kila kitu alikijua: pete ya ngapi, upande gani, itaangukia wapi. Alikijua na hakuna aliyemtazama. Injini ikaanza kusogea juu ya kifua cha Spidi. Tik. Fimbo ikamponyoka. Akaikamata tableti kwa mkono wa kushoto, akakipiga kile kiganja chekundu kwa ngumi.

"USISUKUME! NIMESEMA USISUKUME!"

Mikono minane iliachia kwa wakati mmoja. Hakuna aliyefikiria, sauti ile haikuwa ikiwapa watu nafasi ya kufikiria. Akapiga tena. "TOKA HAPO!" Na Spidi, ambaye mwili wake ulishaijua amri hiyo kabla ya kichwa chake, alijiviringisha kutoka kwenye fremu, akaanguka sakafuni upande wa pili, akasota kwa matako mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Injini ikabaki inaning'inia. Kwa pumzi mbili hivi, ungeweza kudhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Fundi mmoja hata alifungua mdomo kuuliza.

Pete ikaachia. Injini ilishuka na kishindo kilichotetemesha mabati, ikaikunja fremu pale pale kifua cha Spidi kilipokuwa, ikajilaza ubavu. Vumbi likapanda. Mtu mmoja akazima kompresa.

Spidi alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Alikuwa anajipapasa kifua kwa mikono miwili, kama anayetafuta funguo. Masikio akamwendea akiburuta mguu, bila fimbo, akainama, akatafuta kitufe.

"Tulia," ikasema tableti, chini sana. "Pumua."

Spidi akapumua. Akapumua tena, kisha akalia kama mtoto, mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyethubutu kumtania. Masikio alibaki amemshika bega mpaka ilipokwisha.

Bosi alikuwa bado ameshika simu, hajui aiweke wapi. Akaikaribia injini, akatazama fremu ilivyokunjwa, akamtazama Spidi, na tabasamu lake lote likapotea. Akafungua mdomo kwa ajili ya ile habari ya Ijumaa, lakini Spidi akamuwahi.

"Bosi, usinipe mimi," alisema, akijifuta kwa mkono wenye grisi mpaka uso ukawa mweusi. "Mtoto wangu ana miezi miwili. Huyu mzee alisema, mimi nikamcheka. Alituambia, akarudia, nami nikamcheka."

Bosi akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Masikio. Hakumwuliza kwa sauti ile ya watu wanaowasemesha wagonjwa. Alimwuliza kama alivyokuwa akimwuliza miaka yote ile, injini mbovu ikiwa mbele yao na mteja akiwa njiani.

"Fundi mkuu, sasa tufanyeje?"

Masikio akaivuta tableti. Kioo kilikuwa kimejaa vumbi. Akagusa mahali, na sauti ya mkewe ikasema, "Nataka kulala." Alikuwa ameangukia ukurasa wa nyumbani. Mafundi wakacheka, yeye akacheka nao, kicheko kikubwa cha zamani kilichotokea tumboni, ambacho hakikuhitaji neno lolote.

Akafungua ukurasa mwingine. Si wenyewe. Akarudi nyuma. Dakika moja ikapita. Simu ya bosi ikaita, bosi akaikata bila kuitazama. Yule fundi wa vifuniko alimwona anatafuta, midomo ikamcheza, unaona kabisa anataka kusema "Spana, mzee? Jeki?" Spidi akamtupia jicho, naye akafunga mdomo. Dakika ya pili ikaanza. Watu saba wamesimama wamezunguka injini iliyoanguka, kazi zote zimelala, na hakuna aliyemmalizia neno, hakuna aliyesogeza mguu, wanamsubiri aseme.

Masikio akainua kichwa akawaona. Akachukua muda wake. Akaisafisha tableti kwa kiwiko cha ovaroli, akagusa kitufe cha kwanza, akasaka cha pili, akakipata, akasaka cha tatu.

"Leteni," ikasema tableti. "Cheni. Nyingine."

"Sawa, fundi," wakajibu, na wote wakaenda kuitafuta.